Miwani Iliyobaki Juu ya Kabati

Mwanangu, kwanza nitenganishe mambo mawili. Kwamba jua peke yake ndilo lililomharibia macho kaka yangu Yohana, hilo sikuliona, nimelisikia. Watu husema lisemwalo lipo. Mimi huuliza, nani aliyeliona? Haya yafuatayo niliyashuhudia.

Ninaikumbuka Jumapili moja ya kiangazi, nyumbani kwetu Magomeni, hapa Kilosa. Yohana alikuwa fundi wa njia ya reli. Kutwa aliinamia vyuma na kokoto, mwanga ukimpiga kutoka juu na kumrudia usoni kutoka chini. Kinyama kilikuwa kimeanza kuota pembeni mwa jicho lake, kikielekea kwenye mboni. Siku hiyo tulikuwa tukitoka hospitali, ambako mtaalamu wa macho alimpa miwani ya jua na kumwonya mbele yangu: "Ivae kila utokapo. Kinyama hiki hustawi kwa jua na vumbi."

Tuliwakuta wazee barazani. Yohana akainama.

"Shikamoo, babu."

Babu akatazama barabarani. Yohana akarudia.

"Baba, mtoto anakuamkia," alisema shangazi yetu, binti yake babu.

"Mtoto yupi? Mimi naona vioo. Mwenye macho na aje aniamkie."

Wazee wakacheka. "Bwana mkubwa wa reli huyo!" mmoja akatania.

Shangazi hakucheka. "Hiyo ni dawa, baba, si mapambo. Aivue, akuamkie, aivae tena, nani atapungukiwa? Heshima si utumwa."

Yohana akaivua. "Marahaba," babu akajibu papo hapo, na mambo yakaonekana yamekwisha. Hayakwisha. Miwani iliwekwa juu ya kabati, na sikumwona akiivaa tena. Nilipomsihi, alijibu kwamba afadhali jicho limuume kuliko kuchekwa na wazee wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kinyama kilifika kwenye mboni, kikakatwa, kikaota tena; jicho la pili likafuata. Siwezi kuapa kwamba miwani ingemwokoa. Naweza kuapa kwamba hakupewa nafasi ya kujua.

Basi sikia, mwanangu, wewe uendeshaye bodaboda, ukataye miwa au uchungaye ng'ombe uwandani. Vaa miwani juani, pamoja na kofia. Usinunue weusi wa kioo, nunua kinga. Mtaalamu yule alinieleza kuwa kioo cheusi kisichozuia miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huifanya mboni itanuke kama ilivyo gizani, na miale ikaingia kwa wingi. Kwa hiyo muulize mtaalamu, usimuulize mchuuzi. Wala usilikodolee jua macho, hata ukiwa umevaa. Ukikutana na mkubwa wako, ivue, msalimie, kisha uivae bila haya. Nawe ukizeeka, itikia salamu upesi.

Wa baraza ile wote wametangulia, isipokuwa mimi na Yohana, na nyumba hii nimebaki nayo peke yangu. Mungu akutunzie nuru yako, akupe na wa kutazamana naye uzeeni.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mikumi, anakoishi Yohana kwa binti yake. Tuliketi uani adhuhuri, magoti yetu yakikaribia kugusana. Tulizungumza kidogo, kisha akageuza uso huku na huku, akaniuliza nimekuja na nani mwingine. Nilikuwa peke yangu.