Pampu ya Khaemba na Matumbawe ya Christabel

Mume wangu Khaemba anajua maji. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimekaa hapa kumdharau. Kwa miaka ishirini na tisa alisimamia maji ya kiwanda cha mkonge hapa Voi, yale yanayoingia kwenye korona. Si ule ugonjwa. Korona ni mashine inayopondaponda jani la mkonge huku maji yakilichapa, nyama yote ya kijani ikatoka, zikabaki nyuzi. Kazi ya Khaemba ilikuwa kuhakikisha maji hayalegei. Yakilegea, nyuzi zinatoka na madoa, na madoa yanamleta msimamizi kutukana watu. Zikitoka nyeupe, siku imekwenda vizuri. Alikuwa akirudi nyumbani ameloa mpaka magotini, ananuka majani yaliyooza, na badala ya kunisalimu ananiambia, "Mama Christa, leo zimetoka nyeupe." Basi hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu.

Baba yake alitoka Bungoma kuja kukata mkonge, naye akakulia kwenye kambi za shamba. Mimi ni Mtaita wa Bura, kwetu ni baridi na mboga. Nilimfuata huku chini kwenye joto na vumbi kwa hiari yangu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kiwanda kilipopunguza watu alikuwa na miaka hamsini na minne. Tangu siku ile hakuna aliyemwita fundi tena, walimwita mzee. Alikuwa akikaa nje akitafuta mfereji wa kutengeneza, na majirani wengine walikuwa wameanza kuficha mifereji yao.

Mtoto wetu ni mmoja, Christabel. Alisomea mambo ya bahari, jambo ambalo ukoo mzima ulilicheka, mtoto wa mkonge na bahari wapi na wapi. Alifanya kazi Pwani miaka mitatu kwenye kitalu cha matumbawe, mahali wanapoyakuza vipande vipande kama miche ya miti, mpaka mradi ukaisha. Akarudi nyumbani na tangi la kioo la lita mia nne na vipande vyake mwenyewe alivyovilea tangu vikiwa kama punje ya mahindi. Tukatoa kabati la vyombo sebuleni, tangi likakaa pale. Voi hii ambayo mfereji unaweza kukohoa siku tatu bila kutoa tone, binti yangu anatia chumvi kwenye maji! Wanawake wa kanisa walikuja kuangalia, wakatoka wakinihurumia.

Lakini yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Nilidhani tumbawe ni jiwe. Kumbe lina nyama laini juu ya mifupa, na nyama ile ina vidole vya kijani, vya zambarau, vya rangi ya chungwa, vinafunguka taa ikiwaka na kupepea taratibu. Nilikuwa nikichambua mchicha mbele yake, nasahau jiko.

Na kulikuwa na jambo. Bwana Mwanzia, anayejenga nyumba za wageni upande wa mbuga, alisikia habari za tangi akataka matangi makubwa matatu kwenye ukumbi wake, na mtu wa kuyatunza kila siku. Alisema atakuja Jumapili baada ya ibada aone kama matumbawe yanaweza kuishi huku bara. Yakimpendeza, kazi ni ya Christabel. Yasipompendeza, kulikuwa na barua kutoka Shelisheli, wanamtaka kwenye shamba lao la matumbawe, na walikuwa wameshamkumbusha mara mbili. Christabel alikuwa hajawajibu. Alitaka kubaki. Mimi nilitaka abaki kuliko alivyotaka yeye. Nimezaa mmoja, na nimechoka kumwona kwenye simu.

Sasa, yale matumbawe hayaishi kwenye maji yaliyotulia. Christabel alikuwa na vifeni viwili vya kuzungusha maji, vinashikilia kwenye kioo kwa sumaku. Wiki ile stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, kimoja kikaungua. Cha pili kikabaki kikinguruma kama mtu mwenye mafua. Ilibidi anunue vingine kabla ya Jumapili.

Akamwita baba yake. Nampenda kwa hilo, ingawa natamani asingefanya. Aliketi naye mezani, akamfungulia picha kwenye simu, akasema, "Baba, wewe ndiye fundi wa maji hapa. Hebu nichagulie."

Khaemba alivaa miwani. Nilimwona mabega yakipanda. Akauliza kila kimoja kinasukuma lita ngapi kwa saa, kinakula umeme kiasi gani, kioo kina unene gani. Mwisho akasema, "Mwanangu, hivi vyote ni vya kuchezea. Weka pampu moja yenye nguvu. Elekeza pale uchafu unapokaa. Kwisha."

"Pampu inatoa maji kwa mkondo mwembamba, Baba. Unagonga sehemu moja. Feni inayatawanya. Na nataka mbili, moja huku, moja kule, zinapokezana. Maji yanaenda yanarudi."

"Yanaenda yanarudi? Hayo ni maji yasiyojua kazi."

Christabel alicheka. "Baharini ndivyo yalivyo. Tumbawe linatakiwa kupepea tu. Ukiona vidole vimelala upande mmoja, ujue umezidisha."

Akachagua feni mbili za ukubwa wa kati, zenye kidude cha kuzipangia zamu. Khaemba alivua miwani akaikunja. "Sasa uliniuliza wa nini?" akasema, akatoka nje. Binti alinitazama, mimi nikatazama sufuria.

Feni zilikuwa Mombasa, na mwenye duka hakuahidi kuzituma kabla ya Jumatatu. Alhamisi asubuhi Christabel akapanda gari moshi kuzifuata mwenyewe, maana pia alitaka chumvi na vitu vingine. Alituachia neno moja: tusiguse kitu. Saa sita mchana ile feni mgonjwa ikazima kabisa. Tukampigia. Akasema, "Baba, chukua mwiko wa plastiki, koroga maji polepole kila baada ya dakika kumi. Mpaka usiku ukiweza. Feni zitatoka stoo kesho jioni, narudi Jumamosi asubuhi. Tafadhali."

Khaemba akakoroga. Alivuta kiti, akakunja shati, akakoroga siku nzima, mzee wa miaka hamsini na tisa. Na yale matumbawe, nataka hili lijulikane, yalikuwa hai. Yalinywea kidogo, lakini yalikuwa hai.

Ijumaa asubuhi nilipoleta chai nilimkuta bado pale. Mimi nina mdomo. Mama yangu alikuwa nao, mimi ninao. Nikamwambia, "Baba Christa, kumbe kiwandani walikuwa wanakufundisha kupika uji?" Hakujibu. Nikaendelea, kwa sababu mtu akikosa kunijibu mimi naona bado sijamfikia. "Na ile pampu chini ya kitanda umeiweka ya nini, ya maonyesho?"

Pampu yenyewe ni ya kuzamisha, mpya kabisa. Aliinunua alipopunguzwa kazi, ya kisima ambacho hatujawahi kuchimba. Miaka mitano nafagia nikiizunguka. Khaemba aliweka mwiko chini. Akaenda chumbani, nikasikia kitanda kikisogezwa.

Nilicheka. Nakiri nilifurahi, nikasema sasa mzee wangu ameamka. Nikamshikia hata mpira wa maji alipoukata. Aliibana ncha ili maji yatoke kwa nguvu, akaifunga kwenye jiwe la katikati ya tangi, akaelekeza sawasawa kwenye matumbawe, pale alipoona takataka zimekaa. Alipowasha, mchanga uliruka, maji yakavurugika, na vile vidole vyote vikalala upande mmoja. Wote wawili tuliona. Wote wawili tulikuwa tumemsikia binti yetu akisema maana yake. Khaemba akasema, "Maji yenye kazi ndiyo haya."

Mpaka saa kumi jioni maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka nyuma ya tangi. Na matumbawe yalikuwa yameanza kubadilika. Kijani kilikuwa kinatoka vipande vipande, kinaelea, kinachujuka. Chini yake kulikuwa na weupe, weupe safi, wenye mistari midogo midogo kama kazi ya sindano. Khaemba aliita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mitano. "Mama Christa! Njoo uone! Yametoka meupe!"

Nikaja, nikaona, nikapiga makofi. Maisha yangu yote na mwanamume yule, nyeupe ilikuwa habari njema. Nilipiga picha nikamtumia binti: "Baba yako ameyasafisha. Yametakata."

Simu ikalia kabla sijaiweka mezani.

"Mama, zima."

"Nizime nini?"

"Zima swichi ya ukutani, Mama. Zima sasa. Usiniulize."

Nikazima. Khaemba alikuwa amesimama na taulo mkononi, anatabasamu bado, akiniuliza kama binti amefurahi.

Jumamosi alifika na feni zake kwenye sanduku. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alitia mkono kwenye maji, akagusa moja baada ya jingine kwa kidole, kumi na tisa yaliyotoka meupe. Yaliyobaki na nyama yalikuwa mawili, nayo madogo, nyuma ya jiwe, mahali maji hayakufika.

"Hayarudi?" Khaemba akauliza.

"Hayarudi, Baba. Hiyo ni mifupa."

Kisha akauliza swali ambalo nililingoja tangu jana yake. "Kwani nani alitoa pampu?"

"Ni mimi," Khaemba akasema. "Mama yako alikuwa ameenda kanisani kupanga maua. Alikuta nimeshawasha."

Nilifungua mdomo. Huu mdomo ambao haujawahi kukosa neno ulifunguka, ukafungwa. Christabel akaitikia kwa kichwa, akafungua sanduku, akafunga feni zake mbili. Sijui kwa nini alifanya hivyo. Labda mikono ilitaka kazi. Aliziwasha. Maji yakaenda, yakarudi, laini, yakazunguka kila pembe bila kugonga mahali. Khaemba alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama muda mrefu namna maji yale yalivyopita juu ya mifupa, na hakukuwa na kitu cha kupepea. "Kumbe," akasema.

Jumapili Bwana Mwanzia alikuja na suti ya kanisani. Christabel alikuwa amejiandaa kumwambia ukweli, na alianza vizuri kabisa, "Bwana Mwanzia, samahani, kulikuwa na ajali," lakini yule mtu hakumsikia. Alikuwa ameinama mbele ya tangi.

"Aisee! Hii ndiyo nilikuwa naona kwa akili. Nyeupe namna hii! Ile ya rangi nyingi uliyonionyesha kwa picha ilikuwa inanichanganya."

"Haya yamekufa," Christabel akasema.

"Yamekufa? Basi hayataki kulishwa?"

"Hayataki chochote."

"Wala taa maalum, wala hizo dawa?"

"Wala."

Bwana Mwanzia aligeuka akamshika Khaemba mkono kwa mikono miwili. "Fundi," akamwambia, "ni wewe umeyafanya hivi? Basi nimepata mtu. Nitanunua haya mawe, tuyaweke kwenye chemchemi pale mlangoni na pampu kubwa, maji yapande juu. Wewe unakuja kila siku kuangalia pampu. Au vipi, fundi?"

Alisema fundi mara mbili. Nilizihesabu. Khaemba alimtazama binti yake. Nilitaka akatae. Nilitaka amfukuze yule mtu na suti yake, nilimkazia macho mpaka yakaniuma, lakini hakuwa ananiangalia mimi.

"Chukua kazi, Baba," Christabel akasema. "Kweli. Nimefurahi."

Akachukua. Jioni ile ile Christabel aliwajibu watu wa Shelisheli, na baada ya wiki tatu tulimsindikiza. Yale matumbawe mawili aliyagawa kwa rafiki yake wa Mombasa, pamoja na feni. Kabati la vyombo limerudi sebuleni.

Nina hasira, na nimekuwa nayo mwaka mzima. Namkasirikia Mwanzia, namkasirikia mwenye duka la Mombasa, naikasirikia stima. Khaemba namkasirikia kila asubuhi akitoka na chakula nilichompakia, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, mwanamume ambaye watu wanamwita fundi tena. Nikichoka na wote hao, najua aliyebaki ni nani.

Jana Christabel alipiga simu. Nilikuwa nimeiweka kwenye spika nikikuna nazi, na Khaemba alikuwa ameketi mlangoni akivua viatu vya mpira.

"Mama," binti akasema, "mwambie Baba sina kinyongo. Ungekuwepo ungemzuia, lakini hukuwepo. Usijilaumu."

Khaemba alisikia kila neno. Alimimina maji yaliyokuwa ndani ya kiatu, akakigonga kwenye ngazi, akaanza kuvua cha pili.