Mido

Kila nipitapo kwa maseremala wa Kayanga, harufu ya mbao iliyorandwa hunirudisha uani kwa bibi, kati ya migomba na kahawa.

Mama alikuwa amefariki. Nilikuwa nimemwona fundi wa jeneza akimpima kwa kamba ya mgomba, tangu kichwani hadi miguuni. Basi sista Mhispania wa parokia alipokuja kupima watoto urefu, akanyoosha utepe na kuniuliza kwa lugha ya kwao, "¿Cuánto mides?", yaani nina urefu gani, nilikimbilia nyuma ya bibi.

"Utuwie radhi, Sista," bibi alisema. "Huyu anajua wanaopimwa ni wafu."

Sista hakunilazimisha. Alivua viatu, akasimama mlangoni, akakanyaga ncha moja ya utepe na nyingine akanipa. "Nipime mimi." Nilipanda juu ya stuli, nikaufikisha kwenye kitambaa chake cha kichwani.

"Mido un metro sesenta," alisema, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mita moja na sentimita sitini. Kwetu mtu hujibu, mido, yaani napima. Anayepima ni mwenyewe, akiwa hai."

Nilishuka, nikaegemea mlango. "Mido," nilisema kwa sauti ndogo, naye akaunyoosha utepe hadi utosini mwangu, akanimalizia namba.

Bibi alikuwa akitutazama, kahawa imemjaa viganjani. Aliimwaga kwenye mkeka, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja akiunyoosha mgongo.

"Nipimeni na mimi," alisema, "ningali nasimama."