Mguu Usiouma

Hata leo nikisikia magoti ya mtu yakialika ko, namkumbuka mkuu wetu wa mabanda ya farasi. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alipita banda kwa banda, akachuchumaa, magoti yakimlia, na kupapasa miguu ya farasi kwa mgongo wa mkono. Kiganja, alisema, kilishaota sugu, hakijui moto wala baridi. Na daima alianza na mguu usiouma. Hata farasi awe anachechemea waziwazi, kifundo kimevimba hadi kinang'aa, mwenye farasi kasimama pale roho juu, mzee alikwenda kwanza kwenye mguu wa upande wa pili, taratibu, akinong'ona, "Subira bibie, nakuja huko, usininunie." Siku moja nilimuuliza kwa nini anatupotezea muda. "Usipoujua usiouma," akanijibu, "unaouma utaulinganisha na nini?"

Mwaka wake wa mwisho kazini nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali ameikunja, goti la kushoto limejaa maji. Asubuhi hiyo kuchuchumaa kulikuwa kumemshinda, na farasi walikuwa wanamchungulia juu ya milango yao, wakingoja. Hakutaka daktari, hakutaka pole. Nikapiga magoti mbele yake, nikaliwekea goti lile mgongo wa mkono wangu, kama yeye. Akanipiga kikofi, akauhamishia mkono wangu goti la kulia. "Miaka sita, mwanangu," akasema, anacheka na machozi yanamlengalenga, "na bado unaanza na linaloniuma."