Tairi la Jumapili

Enzi za Mwingereza niliendesha Landirova ya ofisi ya misitu ya Arusha, na watu wa mjini waliijua kwa tairi lake la akiba. Lilikaa juu ya boneti, jeusi, linang'aa, meno yake hayajagusa ardhi. Nilijivunia tairi lile kuliko kofia yangu ya kazi. Siku hizi nikimwona dereva anang'arisha tairi la akiba, hasira inanipanda, inabidi niondoke pale nisije nikamtukana mtoto wa watu.

Lilipoletwa likiwa jipya, fundi wa karakana yetu aliniita. Alikuwa mzee wa Kichaga, mtaratibu, mwenye mikono mikubwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sikiliza, dereva. Hili jipya lifunge chini, nyuma kushoto. Lile unalotoa pale bado lina meno kiasi, lipande juu liwe la akiba. Baada ya miezi miwili la juu lishuke, lingine lipande. Yazunguke yote matano, yazeeke pamoja."

Nilimcheka. Tairi jipya nilitie kwenye mawe ya Momela, halafu kuukuu ndilo lipande juu mbele za watu?

"Fundi, akiba haiozi," nikamwambia.

"Aliyetunga methali hiyo hakuwa na gari. Mpira unakufa kwa jua."

Nikajisemea moyoni, Mchaga huyu analitaka tairi langu alipeleke kwenye gari lingine. Wameru na Wachaga tulikuwa tukitaniana hivyo kila siku, ila siku ile sikuwa natania. Nikalifunga jipya juu ya boneti. Miaka minne lilikaa pale pale, na yale ya chini yalipokwisha niliomba mengine yaliyokwisha kutumika, ilimradi la juu lisishuke.

Akili hiyo sikuizua mwenyewe. Mama alifariki nikiwa natambaa, nikalelewa na dada yangu mkubwa. Kwetu mlimani, kila nyumba ilikuwa na kitu chake cha Jumapili, kisichoguswa siku za kazi. Dada alikuwa na sanduku la bati, na kilichoingia humo hakikutoka. "Akiba haiozi, mdogo wangu," ndio uliokuwa wimbo wake. Nilipoanza kazi nilimnunulia blanketi zito, jekundu, maana baridi ya upande wa Momela, alikoolewa, inaingia mpaka kwenye mifupa. Alilishika, akalinusa, akalia, kisha akalitia sandukuni. Kila nilipokwenda nilimkuta amejifunika lile la zamani lenye matundu. Nikigomba, anacheka.

"Na wewe tairi lako la Jumapili mbona halitembei?"

Na kweli lilikuwa la Jumapili. Kila Jumamosi mchana, nikishapiga viatu vyangu rangi kwa ajili ya kanisani, nililipaka tairi mafuta machafu ya injini, nikalisugua kwa tambara hadi uso wangu uonekane. Fundi alinikuta mara moja, akasema mafuta yanakula mpira. Nikamjibu kwamba hata binadamu hupaka mafuta asipauke. Akaenda zake.

Ilikuwa masika. Asubuhi moja askari wa misitu alikuja ofisini na habari: dada anaumwa tumbo siku ya pili, na dresa wa zahanati amesema apelekwe hospitali kubwa mjini, apasuliwe leo leo. Bwana Misitu hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nenda," akasema. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa Momela.

Nilimkuta dada amejikunja kitandani, midomo imemkauka. Shemeji, mume wake, alikuwa amefungua sanduku ili atoe blanketi jekundu. Dada akamshika mkono.

"Gari lina tope. Litachafuka. Nifunikeni hili hili."

Nilikuwa na haraka, sikubishana naye. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, na lile blanketi lake la matundu.

Hatukuwa tumefika Ngurdoto jiwe lilipochana tairi la nyuma. Lilikuwa kipara, likachanika pamoja na mpira wa ndani. Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: nilifurahi. Nilifungua lile la kwenye boneti, nikamwambia dada, "Leo tairi la Jumapili linatembea." Alijitahidi kutabasamu. Nikapiga jeki, nikafunga, nikakaza nati, tukaondoka.

Halikumaliza maili tatu. Lilipasuka kwa kishindo, gari likayumba hadi ukingoni. Ubavu wa tairi ulikuwa umefunguka, mkono wangu wote ukapita. Chini ya ule weusi niliousugua kila Jumamosi, mpira ulikuwa umeoza, unamegeka vidoleni kama ugali uliolala.

Barabara ile haikuwa na gari lingine. Tukafanya wanachofanya madereva wakiishiwa: tukakata nyasi, tukazishindilia ndani ya lile kipara mpaka likajaa, tukalifunga tena. Kazi hiyo ilikula saa nzima na zaidi. Mvua ilikuwa ikinyesha, na maji yalipenya kwenye turubai hadi godoroni.

"Baridi," dada alisema. Baada ya muda akasema tena, "Baridi."

Nikamvulia koti langu, nalo lilikuwa limelowa. Tulitambaa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, maana ukikimbiza nyasi zinatoka. Tulipokaribia Usa, shemeji aligonga bati nyuma yangu.

"Simama, shemeji. Hakuna haja tena."

Hakuna mtu aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, na hadi leo najilaumu. Niliporudi kazini, fundi hakunikumbusha neno lake hata moja. Aliyashusha magurudumu yote matano, akayapanga chini, akanionyesha kwa kidole lipi linakwenda wapi. Tangu hapo niliyazungusha kila baada ya miezi miwili mpaka nilipoacha kazi, na madereva wenzangu walinisifu kwa uangalifu wangu. Sikupenda kusifiwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ya maziko, shemeji alilitoa sanduku la bati nje, akanitaka nilifungue mimi. Blanketi lilikuwa juu kabisa, linanuka dawa ya nondo, na mikunjo ya dukani bado imo. Nililikunjua, nikalitazama upande huu na upande ule. Lilikuwa zima, halina tundu hata moja. Tukamviringishia dada, naye alikuwa ameshapoa.