Ngome Tusiyoiona

Kengele ndiyo iliyotangulia. Ililia karibu mno, utadhani imefungwa juu ya paa la chumba changu, kisha ikanyamaza na mlio wake ukabaki ukizunguka mahali fulani ambapo sikuweza kupaona. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ametuambia tulipofika Ijumaa jioni kwamba asubuhi, tukifungua madirisha tu, tutaona kila kitu: kanisa la kale, ziwa chini yake, na ng'ambo ya ziwa, juu ya jabali, ngome. Nikafungua dirisha. Kulikuwa na weupe. Hapakuwa na kanisa wala ziwa. Hata mti wa pale uani, ambao tulikuwa tumeegesha gari chini yake, ulikuwa umebaki shina tu, matawi yamemezwa.

Kwenye chumba cha pili nilimsikia mjomba wangu akikohoa, akimwuliza mkewe kama kumekucha.

Walikuwa wametoka Bujumbura wiki chache nyuma, wakafikia kwangu Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, katika fleti yangu ndogo ya ghorofa ya juu. Nilikuwa kijana, nimeandika riwaya moja na kuanza nyingine, na niliamini kwamba duniani hakuna jambo lisiloweza kusemwa ukipata maneno yake. Mjomba alikuja kwa ajili ya macho. Ilikuwa presha ya macho: la kushoto lilikwisha zamani, na la kulia lilikuwa limebanwa pande zote, akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Lakini kilichoingia kwenye tundu hilo alikiona vizuri, hata kiwe mbali. Juzi yake tu, tukiwa tumesimama kituo cha tramu, alinisomea saa iliyokuwa juu ya mnara wa kanisa, ng'ambo ya uwanja, na hakuikosea.

Daktari wa hospitali moja ya Woluwe, pembeni mwa jiji, alimweleza bila kuzunguka, nami nikatafsiri. Angepasuliwa Jumatatu. Upasuaji haurudishi kilichopotea, unalinda kilichobaki. Na mara chache, lakini hutokea, kisu huondoka na hicho kilichobaki pia. Mjomba akasema atatoa jibu siku hiyohiyo ya Jumatatu, asubuhi.

Mkewe hakutaka. Mimi nilimwita maman, kama tulivyozoea, kwa maana alinilea miaka miwili mama yangu alipokuwa mgonjwa. "Wakukate ili iwe nini?" alimwambia mumewe ndani ya tramu, mbele za watu wote. "Kwani miye sina macho? Yangu mawili, ya kwako nusu. Hesabu inatosha."

"Ya kwako yanatazama sana maduka," mjomba akajibu.

Maman ndiye aliyekuwa macho yake kwa miaka mingi. Walipokaa barazani pale Buyenzi, mtaani kwao Bujumbura, alimwambia nani anapita, amevaa nini, amenenepa au amekonda, jirani gani anampungia mkono. Mjomba aliuza vitenge maisha yake yote, na hata macho yalipodhoofika sana alimwuliza mkewe rangi, naye akamjibu, na watu wakanunua. Nadhani moyoni alikuwa akielekea kukataa kisu, ila hakuwa amekata shauri. Kabla ya kutoa jibu aliomba jambo moja tu. Katika duka lake kulitundikwa kalenda ya zamani iliyokuwa na picha ya ngome ya milima ya Ubelgiji, yenye minara mitatu juu ya ziwa, na mwaka ulipokwisha aliikata picha hiyo akaibandika ukutani nyumbani. Alitaka kuiona yenyewe, au hata nduguye, maadamu jicho bado ni lake.

Basi nikaazima gari kwa rafiki mwenye duka kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, tukapanda milima ya Ardennes.

Jumamosi ile tulikunywa chai tukingoja weupe uondoke. Haukuondoka. Mwenye nyumba alituonyesha njia ya kwenda mahali ambapo wageni husimama kuitazama ngome, penye ukuta mfupi wa mawe, akarudi jikoni kwake. Tulitembea polepole, mjomba katikati, mimi na maman tumemshika huku na huku. Barabara iliingia kwenye weupe hatua chache mbele yetu. Tulipoufikia ukuta mjomba aliuweka mkono juu yake, akainua uso.

Mbele yetu hapakuwa na kitu. Si kivuli, si umbo. Nilifungua kinywa niseme kwamba tungerudi baadaye, lakini maman alinitangulia.

"Eh, mzee wangu," akasema kwa sauti ya utulivu. "Ni ile ile. Minara mitatu. Wa katikati mrefu, una bendera. Na mawe yake, tazama, yana rangi kama ya mkate ulioiva. Chini kuna miti imeanza kuwa myekundu."

Ilikuwa picha ya kalenda, mpaka bendera.

Mjomba aliinama mbele juu ya ukuta. Kisha akauliza, "Unaiona vizuri?"

"Kama ninavyokuona weye."

Nilimtazama mjomba. Alilifumba jicho la kulia, akalisugua kwa kifundo cha kidole, akalifumbua tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, taratibu, bila kulalamika. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa koti lake na sikusema neno. Kwetu mgonjwa huambiwa kinachompa nguvu, na mtoto hamkanushi mkubwa mbele ya mumewe. Sababu hizo mbili nilizikumbuka baadaye. Pale penyewe sikuwa na sababu yoyote, nilikuwa na ulimi mzito tu.

Tuliporudi nilimvuta maman kwenye ukumbi mwembamba nje ya vyumba.

"Maman, kule hakuna ngome. Kuna ukungu."

"Najua. Sijapofuka."

"Mbona ulimwambia?"

"Bon, ulitaka nimwambie nini? Muntu ametoka Bujumbura, amepanda ndege na jicho lake bovu, nimwambie amekuja kutazama maziwa ya mgando?" Alikuwa akinong'ona kwa nguvu. "Yeye mbali haoni tena. Ukungu uwepo usiwepo, kwake ni mamoja. Donc nimempa ngome yake. Nimekosa nini?"

"Anaona, maman. Alinisomea saa ya kanisa."

"Alikisia. Weye umemjua lini? Miye ndiye ninayelala naye."

Nikamwambia kwamba sasa atadhani jicho limekufa. Aliitikia kwa kichwa namna mtu anavyomwitikia mtoto anayesimulia ndoto, akaingia chumbani kukunja nguo.

Alasiri tulishuka ziwani. Pale ukingoni maji yalionekana kidogo, ya kijivu, yakipiga changarawe, kisha yakaisha. Maman akamweleza mumewe mashua yenye tanga jeupe, na mabata, na nyumba ndogo ng'ambo.

"Ni kubwa kama letu la Bujumbura?" mjomba akauliza.

"Letu si ziwa, letu ni bahari."

"Basi hili wamelichimba wenyewe. Ni bwawa la kunyweshea ng'ombe." Alicheka, nasi tukacheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya vyetu. Akachuchumaa kwa shida, akatumbukiza mkono majini, akautoa, akauleta karibu na uso na kuutazama ukitiririka maji. Aliutazama kwa muda mrefu. Halafu, bila kugeuka, akasema:

"Mutoto, na weye unaiona hiyo mashua?"

Maman alinitazama. Hakunitisha. Alinisihi. Sijawahi tena kutazamwa hivyo na mtu aliyenilea.

"Maman anaona vizuri kuliko miye, tonton," nikasema. "Miye ni muntu wa miwani."

"Haya," akasema. Akasimama mwenyewe.

Wakati wa chakula alikula kidogo. Alipomaliza alifuta mdomo, akatuambia kwamba jibu la Jumatatu amekwisha lipata. Hakuna haja ya kukata. Alilisema kwa upole, kama mtu anayeahirisha safari. Maman akasema alhamdulillahi, akambandika mkono begani, na uso wake ukang'aa hata nikashindwa kuutazama. Aliona ameshinda. Mimi niliona mtu amelifunga duka lake kwa sababu ameambiwa ndani hamna bidhaa, na bidhaa zimo. Niliapa kwamba asubuhi nitasema. Nikalala nikipanga sentensi, nikizipangua, mimi niliyeandika kurasa mia tatu za watu wasiokuwapo.

Jumapili ukungu ulikuwa palepale. Maman akataka turudi mapema, mjomba akasema walau tuingie kanisani, tusije tukaulizwa nyumbani tuliona nini. Mlangoni aliinama akavua viatu. Mama mmoja mzee aliyekuwa akifagia kizingiti, mtunzaji wa pale, alistuka akatuambia kwa Kifaransa kwamba sakafu ni barafu tupu, avae tu.

"Ni nyumba ya watu ya kuswalia," mjomba akaniambia. "Nitaingiaje na matope?" Akaingia na soksi. Basi na sisi tukavua.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya nta. Kanisa lilikuwa refu, jembamba, nguzo zikifuatana mpaka mwisho. Tulipiga hatua chache na mjomba akasimama ghafla. Nilidhani amejikwaa.

"Kule mwisho," akasema. "Taa nyekundu. Ipo?"

"Ipo, tonton."

"Ndogo. Imening'inia."

"Ndiyo."

"Na mishumaa upande huu. Mmoja umezimika."

Nilitazama. Mmoja ulikuwa umezimika, na uzi mwembamba wa moshi ulikuwa bado ukipanda. Mjomba aligeuza kichwa huku na huku, akilielekeza lile tundu lake pembeni, juu, kwenye kioo cha rangi kilichokuwa mbali kabisa na sisi, akasema buluu ile aliwahi kuiuza, ilikuja mara moja tu, haikurudi. Nilifurahi hata machozi yakanijia. Nilidhani mambo yamejitengeneza yenyewe, kwamba sitalazimika kusema lolote.

Kisha akageuka akarudi mlangoni. Aliufungua, akatazama nje. Akatazama ndani. Akatazama nje tena. Yule mama alikuwa ameegemea ufagio wake, na mjomba akamwuliza, kwa Kifaransa chake cha sokoni, ngome iko upande gani.

Mama yule akacheka. "Ngome, bwana? Tangu Ijumaa hata paa la nyumba yangu sijaliona."

Mjomba alimshukuru. Maman alikuwa amekaa kwenye benchi la karibu na mlango, mkoba mapajani, na alikuwa amesikia. Mjomba akaja akakaa kando yake. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Minara ilikuwa mingapi?" akauliza.

Maman akaukumbatia mkoba wake, akasema, "Nilitaka usirudi hivi hivi, mzee wangu. Sikutaka urudi hivi hivi."

"Jana nimelizika jicho langu. Nimelizika pale majini, na weye umekaa unanihesabia mabata."

"Nilijua mbali huoni."

"Uliniuliza?"

Mjomba aliitazama ile taa nyekundu kwa kitambo. "Yule jirani wa upande wa pili," akasema, "uliyeniambia ananipungia mkono kila asubuhi. Nami nampungia. Alikuwa ananipungia kweli?"

"Alikuwa anakupungia. Wallahi."

"Sijui," akasema. "Ona sasa. Pengine kweli, lakini miye sijui."

Maman akaapa tena, akamtaja jirani yule, nguo zake, fimbo yake, na kadiri alivyoongeza ndivyo nilivyosikia maneno yakizidi kufanana na bendera juu ya mnara. Maman mwenyewe alisikia. Akaacha katikati. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao na soksi zangu zimelowa, nikitafuta neno moja la kuweka kati yao, na kila nililolishika lilikuwa limekwisha tumika.

Tulipoteremka kuelekea Namur ukungu uliachana nasi ghafla, jua likafunguka juu ya mashamba, ng'ombe, mabati ya mabanda. Mjomba alikaa mbele, kando yangu. Alisoma vibao vya barabarani kwa sauti, kimoja baada ya kingine, majina ya miji na kilomita, kwa Kifaransa na kwa Kiflamandi alichokitamka ovyo, mpaka Brussels. Vingine vilikuwa mbali hata mimi sikuweza kuvisoma. Nyuma, maman alitazama nje upande wa pili.

Jumatatu asubuhi aliamka kabla yetu, akaswali, akavaa shati lake jeupe. Aliniomba nipige simu hospitali niwaambie anakuja. Nikapiga, wakasema watatuma gari.

Maman alimfuata mpaka jikoni. "Na wakikukata likaenda?"

"Likienda limekwenda."

"Utabaki gizani kabisa."

"Likibaki, na udogo wake huohuo, nitajua nilichokiona."

"Basi niende na weye. Nikae nje tu. Sitasema neno."

"Baki, maman."

Nikasema kwamba mimi basi nitakwenda, kwa sababu ya lugha. Aliniwekea mkono kichwani, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. "Kule wana watu wao wa Kifaransa, na cha kwangu kinatosha. Weye kaa naye. Usimwache peke yake."

Chini gari likapiga honi. Maman alileta koti, akamvalisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, naye akamwacha afunge vyote, kidevu juu, macho ukutani. Vidole vya maman vilikawia kwenye kifungo cha mwisho. Mjomba akautoa mkono wa mkewe kwenye ukosi, akaushika kidogo, akauachia. Akatafuta kitasa mwenyewe, akakipata, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.