Baba Alisema Shuka

Enzi zetu pale Majengo, Pumwani, magurudumu hayakuwa ya kununua. Yalikuwa ya kuomba. Unaenda kwa mafundi wa gereji, unasalimia vizuri, "Shikamoo mjomba," halafu unasimama hapo kama mtu hana haja na kitu, mpaka fundi akuchoke akutupie beringi kuukuu imejaa grisi. Ukipata nne wewe tajiri. Unatafuta ubao, unagonga misumari, basi una gari. Sisi tuliita kibao. Wajukuu wangu wanaita skeitibodi, na wanadhani wao ndio walianza.

Tulikuwa na mteremko wetu nyuma ya nyumba, mahali harufu ya mahamri na mitaro zilikuwa zimezoeana. Zamu yako ikifika, wenzako wote wanapiga kelele, "Shuka! Shuka!" na wewe unajiachilia mpaka chini. Breki ilikuwa kisigino. Msichana nilikuwa peke yangu, na jirani yetu Mama Zena alikuwa akinipata hapo ananiambia, "Wewe Saumu, utakuja kuolewa na beringi."

Mamangu alifariki nikiwa mdogo sana, nikalelewa na bibi. Bibi naye alipotutoka, nikabaki wa mtaa mzima, kwa sababu Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko, kesho hayuko. Shangazi yangu wa Mumias akatuma neno: mtoto wa kike haleleki na barabara, mlete huku. Baba akakubali. Akanunua sanduku la bati, akapanga nguo zangu, na siku ya kupeleka magodoro huko magharibi akanipandisha mbele kando yake. "Huko utakula mahindi ya kuchoma mpaka usahau Majengo," akaniambia. Nilijua lori litarudi na mimi sitarudi.

Kibao nilikuwa nimekificha nyuma, katikati ya magodoro.

Alikiona Naivasha akikaza kamba. Nikangoja kofi. Baba akakigeuza, akazungusha beringi kwa kidole, akasikiliza kama daktari.

"Nani amekutengenezea?"

"Mimi."

"Hii ya nyuma imekauka, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Akatoa grisi chini ya kiti, akaipaka.

Kutoka hapo kila tukisimama, kibao kinashuka kabla yetu. Nakuru kulikuwa na sakafu laini ya stesheni ya petroli. Baba akanifundisha mambo ya dereva: angalia mahali unaenda, usiangalie mahali unaogopa. Halafu akajaribu yeye, mtu mzima na kikoi chake, akaenda chini na makalio, na wamama waliokuwa wakiuza mayai pale wakamwambia, "Pole baba, lori ndio saizi yako." Mimi nikamfundisha kusuka nywele. Alisuka mistari imepinda kama njia ya mbuzi, lakini niliilinda hiyo nywele nisiiguse, na usiku nililala juu ya magodoro nikiwa nimejifunga leso.

Unajua, kabla ya safari ile Baba alikuwa mtu wa kuleta mkate na kuondoka. Sikuwa najua anacheka vipi.

Sasa tukafika milima ya majani chai, Kericho huko. Kulikuwa na kabarabara kapya ka lami, hakuna gari, kameteremka vizuri mpaka unatamani kulia. Baba akashuka kusimama katikati ya mteremko, mimi juu na kibao. Nikapanda. Mara ng'ombe wakatoka kwa majani chai, wakaanza kuvuka chini kule, pole pole vile ng'ombe huvuka. Mimi nilikuwa sijawaona, kona iliwaficha. Baba akawaona. Akarusha mikono juu akapiga kelele:

"Shuka! Saumu, shuka!"

Na mimi nikashuka. Nilishuka vile sijawahi kushuka Majengo. Nikampita Baba mdomo wake umebaki wazi. Kisigino kilikataa, nikakwepa ng'ombe mmoja, wa pili nikamgusa mkia, nikaingia kwa majani chai na kidevu.

Alikuja mbio na kiatu kimoja. "Si nimekuambia shuka?"

"Si nimeshuka!"

"Nilisema ushuke kibao, uache hicho kitu!"

"Baba, kwetu kushuka ni kushuka."

Akanitazama. Akaanza kucheka, nikacheka na damu yangu, tukacheka mpaka mchungaji wa ng'ombe akatuogopa. Halafu nikaona machozi yake si ya kicheko tena. Akanifunga kidevu na kikoi, akasema pole pole, "Hata maneno ya mtoto wangu siyajui."

Zahanati wakanishona. Kibao kilikuwa kimepasuka katikati, lakini Baba alizitoa zile beringi akatia mfukoni. Njia yote mpaka Mumias nilizisikia zikigongana.

Shangazi alikuwa ametandika kitanda changu tayari. Aliona kidevu akamkaripia Baba mpaka chai ikapoa. Asubuhi magodoro yameteremshwa, mimi nimekaa juu ya sanduku langu nje, Shangazi ameniwekea jembe dogo mlangoni. Baba akawasha lori. Likanguruma. Shangazi akaniambia, "Haya, mpe babako mkono."

Baba akatoa kichwa dirishani. "Saumu, panda."

Nilikuwa nimejifunza. Sikukimbia. Nikauliza kwanza, "Nipande nini?"

"Apande nini?" Shangazi akadakia. "Mahindi, si ndio?"

"Apande gari," Baba akasema. "Lete sanduku, mama. Turudi Majengo."

Shangazi alinuna miaka, lakini kila mavuno alitutumia gunia. Na Baba aliomba safari fupi fupi, akawa analala nyumbani, akisuka mistari yake iliyopinda mpaka nikaona haya kwenda shule. Mungu amrehemu, sina cha kumdai.

Siku hizi naishi Njiru na binti yangu Zuhura na mtoto wake Rehema. Wawili hao wamepanga kwenda na gari yao ndogo mpaka Mumias, wakiteleza kila penye lami nzuri. Rehema ana kofia ngumu, ana vitu vya magoti, vya viwiko, magurudumu yanang'aa na hayapigi hata kelele. Akianguka anauliza kwanza kama video imeshika. Mimi sina picha hata moja ya kibao changu; picha yangu ni hii kovu ya kidevu. Sisi tulikuwa na kelele ya beringi na mtaa mzima wa kutukaripia. Hawa wana kila kitu, lakini mtaa unawapita bila kuwaita majina. Hiyo ndiyo nawahurumia.

Juzi wakipakia nikawaambia, kabla ya mteremko wowote mpatane maneno. Nikasimama mlangoni nipunge mkono. Rehema, ambaye bibi kwake ni shosh, akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Shosh, panda."

Nikamuuliza, "Nipande nini?"