Mistari Myeupe ya Balangida

Nikikumbuka siku ile uso unanichoma hadi leo, na wale niliofanya nao kazi Hanang tukikutana huwa hawaanzi na salamu, wanaanza na kicheko, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwao wakiongeza ya kwao.

Nilikuwa mpaka grisi, wa kulainisha mashine, kwenye shamba la ngano la serikali, enzi zile kombaini zinaingia shambani kwa mpigo na vumbi lake linaonekana tangu kijiji cha Dirma. Shule niliiacha darasa la tano (si kwa ujinga, nilikuwa situlii tu, niliona lori linapita nikataka kujua linaenda wapi), na ukocha sikuuomba. Jioni moja pale karakana nilijigamba kwamba nikiwa Arusha nilifanya mazoezi na timu kubwa (ukweli nilikuwa nawaokotea mipira), meneja akasikia, na kesho yake nikakabidhiwa watoto kumi na watatu wa kambi ya wafanyakazi.

Walicheza peku, jezi zimeshonwa kwa magunia ya ngano, na wale wa shamba la jirani, wenye njumu, waliwaita Magunia. Nahodha wao, Safari, mtoto wa mpishi wa kantini, alikuwa mfupi kuliko wote na msemaji kuliko wote. Siku ya kwanza aliniuliza kama mimi ni kocha kweli, nikasema ndiyo, akanitazama nilivyoukalia mpira akasema, "Sawa, mwalimu. Tutakusaidia."

Tatizo lilikuwa uwanja. Meneja alitaka kuulima upandwe ngano kama kila kitu kingine pale, ila alituahidi kwamba tukiwafunga wale wa jirani mbele ya wageni wa wilayani atawaachia watoto uwanja. Tukifungwa au tukitoka sare, trekta linaingia Jumatatu. Watoto hawakuwa na mahali pengine, ukitoka kambini hatua kumi uko ndani ya ngano. Nami niliyeanza kwa kujivuta nikajikuta naamka mapema kuwakimbiza, na usingizini nawapanga mabeki.

Sasa, kosa langu. Nilitaka uwanja uwe na mistari myeupe, wageni waone kwamba hii ni timu, lakini chokaa miaka ile haikupatikana hata mjini Katesh. Wiki moja kabla nilikuwa nimedandia lori la shamba hadi ziwa Balangida, kwa udadisi tu, nikaona ukingo mzima umekauka mweupe, unga mtupu, wa bure. Nikajaza magunia mawili. Sikumuuliza mtu unga ule ni wa nini. Asubuhi ya mechi nikachora mistari iliyonyooka hadi meneja akaniuliza chokaa nimeitoa wapi, nikamjibu, bila haya, kwamba nina jamaa yangu Arusha.

Watoto walicheza, jamani. Tulifungwa mapema, Safari akasawazisha kwa kichwa (mfupi vile), na zikiwa zimebaki dakika chache beki wao akamkwatua ndani ya eneo la hatari. Penalti. Wanawake wa kambi wakaanza kushangilia, na mimi nikaanza kutembea kama kocha.

Ndipo ng'ombe wakaja. Walikuwa kundi la mzee mmoja mfugaji wa Kibarbaig, wanatoka kunywa maji, wanapita zao pembeni kama kila siku, halafu yule wa mbele akanyanyua pua, akageuka, na wote zaidi ya mia wakamfuata mbio, vijana wanaowachunga wakipiga miluzi bure. Waliingia uwanjani na kujipanga kwenye mistari yangu, vichwa chini, wakilamba. Wengine kwenye duara la kati, wengine pembeni, na dume moja jeusi likasimama penye alama ya penalti. Refa akapuliza filimbi. Dume likaendelea.

Mimi nikachukua fimbo nikalipiga. (Msiniulize.) Lilinyanyua kichwa, likaniangalia, na kilichofuata ninachokumbuka ni kwamba niko juu ya goli, nimekumbatia mwamba kama mtoto mgongoni, suruali imepasuka kutoka kiunoni hadi goti, na wageni wa wilayani wamesimama kwenye viti vyao wanione vizuri.

Meneja akawaita walinzi wawakamate ng'ombe, maana utaratibu wa shamba ulikuwa mifugo ikiingia inashikwa na mwenyewe anatozwa. Yule mzee mwenye ng'ombe akafika taratibu, mgolole wake begani. Aliinama, akachota unga wa mstari kwa kidole, akaonja.

"Hii ni ya Balangida," akasema. "Ng'ombe wangu hawakuvamia. Wamewekewa chumvi. Nani amewaita?"

Uwanja mzima ukanitazama. Nami kule juu nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shuka."

Nikashuka, nikakiri yote, hadi jamaa wa Arusha. Ng'ombe wakaachiwa. Walipotosheka na kuondoka, penye alama ya penalti palikuwa na shimo, nikapima hatua upya, Safari akaweka mpira, akapiga, ukagonga mwamba. Sare. Watoto wangu wakakaa chini, na Safari akajifunika uso kwa gunia lake.

Yule mzee bado alikuwapo. Alimwambia meneja, kwa upole kabisa, "Ng'ombe hawa watarudi kesho. Na kesho kutwa. Mpaka mvua ioshe chumvi."

Meneja akamtazama bwana shamba wake, ambaye alikohoa, akakubali kwamba ukipanda ngano pale, ng'ombe watapita juu yake kuifuata chumvi. Meneja akawatazama wageni waliokuwa wakimsubiri, kisha akasema trekta lisije, watoto wacheze, na ng'ombe walambe wamalize.

Safari alikuja akanishika mkono. "Mwalimu," akasema, "penalti nimekosa mimi. Ile ya chumvi ni yako, na ndiyo imetuachia uwanja."

Tangu hapo nimeapa sitamwaga kitu kwenye ardhi ya watu kabla sijawauliza. Mechi iliyofuata nilichora mistari kwa majivu ya kantini, na watoto walinisimamisha katikati ya uwanja, wakataka niyaonje kwanza. Nikayaonja.